Kuhamisha Kumbukumbu za Picha za Hospitali Kutoka Kwenye Tepu Hadi Kwenye Diski

Daktari wa radiolojia akiona doa dogo kwenye pafu la mgonjwa, jambo la kwanza analotaka kujua ni kama doa hilo lilikuwapo miaka mitatu iliyopita, na kama lilikuwapo, lilikuwa na ukubwa gani. Jibu limo katika picha ya zamani. Picha hiyo ikiwa kwenye diski, hufunguka ndani ya sekunde chache. Ikiwa kwenye tepu iliyomo ndani ya maktaba ya roboti, mkono wa roboti hauna budi kuichukua kaseti na kuipachika kwenye draivu, kisha tepu ibiringishwe hadi mahali penye faili, kazi ambayo huchukua dakika moja au mbili iwapo hakuna foleni. Na ikiwa kaseti yenyewe imetolewa kwenye maktaba na kuwekwa rafuni, mara nyingi daktari huandika ripoti yake bila kulinganisha chochote.

Mwongozo huu ni wa mafundi na wasimamizi wa mifumo waliopewa jukumu la kuondoa hali hiyo. Nimeifanya kazi hii zaidi ya mara moja, na nataka nilitamke mapema jambo ambalo mimi mwenyewe nilichelewa kulielewa: kunakili data ni sehemu nyepesi ya kazi. Sehemu nzito ni kuhakikisha kwamba kila picha inafika ikiwa kamili na inakaa chini ya jina la mwenyewe.

Jua kwanza ulicho nacho

Kabla ya kununua diski hata moja, tengeneza orodha tatu. Ya kwanza itoke kwenye hifadhidata ya mfumo wa picha, yaani PACS, nayo ioneshe kila uchunguzi, tarehe yake, aina ya mashine iliyopiga, idadi ya picha zake na kaseti inayodaiwa kuzibeba. Ya pili itoke kwenye programu inayosimamia tepu. Ya tatu uiandike kwa kutembea: fungua maktaba ya roboti, fungua kabati, fungua sefu, nenda hadi jengo la pili kama lipo, na usome kwa macho yako msimbopau wa kila kaseti. Ukizilinganisha orodha hizi utakuta zinatofautiana. Mahali fulani tulikuta kaseti kumi na moja ambazo hifadhidata ilisema zimo ndani ya maktaba, ilhali zilikuwa kwenye boksi la karatasi chini ya meza ya fundi aliyekwisha kustaafu. Tofauti kama hizo zimalizwe sasa, kwa sababu zikigunduliwa katikati ya kazi zitasimamisha kila kitu.

Msimbopau wa kaseti za LTO, ambazo ndizo zilizoenea zaidi hospitalini, huishia na herufi na namba inayotaja kizazi chake: L3 ni LTO-3, L4 ni LTO-4, na kuendelea hivyo hivyo. Kizazi hicho ndicho kinachoamua ni draivu gani itakayoweza kuisoma kaseti. Hadi LTO-7, draivu ilisoma kaseti za kizazi chake na za vizazi viwili vilivyotangulia, kwa hiyo draivu ya LTO-5 husoma LTO-3, na draivu ya LTO-7 husoma LTO-5. Kuanzia LTO-8 utaratibu ulibadilika, na draivu hiyo husoma LTO-7 na LTO-8 peke yake. Mtu anayedhani kwamba atanunua draivu mpya kuliko zote na kusomea kaseti zake za mwaka 2006 atapoteza fedha bure. Ikiwa draivu zako ni chakavu, tafuta nyingine mbili za kizazi kinachofaa kabla hujaanza, moja ya kazi na moja ya akiba.

Ulizia pia kama tepu zilisimbwa kwa ufunguo wa siri. Uwezo wa kusimba ndani ya draivu yenyewe ulianza na LTO-4, na data iliyosimbwa bila ufunguo wake kupatikana ni sawa na data iliyochomwa moto. Vilevile angalia mkataba wa matengenezo wa programu ya zamani unaisha lini, maana programu hiyo ndiyo inayojua faili zilivyopangwa kwenye tepu, na mara nyingi picha za uchunguzi mmoja hufungwa pamoja katika furushi moja ambalo halifunguki kwa asiyejua mpangilio wake. Mkataba huo usiachwe ufe kabla kazi haijakamilika.

Soma kwa mpangilio wa tepu, si kwa mpangilio wa wagonjwa

Hapa ndipo miradi mingi huharibikia, kwa hiyo nitapiga hesabu hatua kwa hatua. Chukulia hospitali yenye chunguzi 200,000, kila uchunguzi ukiwa na wastani wa megabaiti 200. Jumla ni terabaiti 40, ambazo zinaenea kwenye kaseti 100 za LTO-3, kwa kuwa kila moja hubeba gigabaiti 400 bila kubanwa.

Njia inayomjia mtu haraka ni kuuagiza mfumo mpya uombe uchunguzi mmoja mmoja kutoka kwenye mfumo wa zamani kwa amri ya C-MOVE ya DICOM (kanuni ya pamoja ya kuhifadhi na kupeana picha za kitabibu), kuanzia mgonjwa wa kwanza hadi wa mwisho. Kila ombi litamlazimu roboti abadilishe kaseti na tepu ibiringishwe. Tuseme hilo linachukua sekunde 90 tu: sekunde 90 mara 200,000 ni sekunde milioni 18, yaani siku 208 za mchana na usiku, kabla hata data yenyewe haijasomwa. Katika muda huo kaseti moja itakuwa imeingizwa na kutolewa mara maelfu, na matumizi ya namna hiyo huichakaza tepu.

Sasa tazama njia ya pili. Draivu ya LTO-3 husoma megabaiti 80 kwa sekunde. Kaseti nzima, ikisomwa kutoka mwanzo hadi mwisho bila kuruka, humalizika kwa sekunde 5,000, ambazo ni dakika 83 hivi. Kaseti 100 ni sekunde 500,000, yaani chini ya siku sita kwa draivu moja. Hata ukikadiria kwamba kasi halisi itakuwa nusu ya hiyo, na ukiongeza muda wa kubadilisha kaseti, bado unazungumzia wiki mbili. Kaseti ni zilezile na draivu ni ileile. Tofauti ya wiki mbili na miezi saba imetokana na mpangilio wa maombi peke yake.

Kwa hiyo, toa kutoka kwenye hifadhidata orodha ya faili zote, uipange kwanza kwa namba ya kaseti, kisha kwa nafasi ya faili ndani ya kaseti hiyo, na mfumo wa zamani usome kwa kufuata orodha hiyo. Kama mfumo hauruhusu, zungumza na waliouuza wakupe chombo cha kusoma kaseti nzima kwa mkupuo. Kwa maoni yangu ni afadhali kulipia chombo hicho kuliko kuikesheza mitambo kwa miezi saba. Kaseti zenyewe zianze na zile za karibuni kwenda kwenye za zamani, kwa kuwa picha ya mwaka jana huhitajiwa kwa ulinganisho mara nyingi zaidi kuliko ya miaka kumi iliyopita.

Jambo jingine linaloambatana na hili ni kwamba draivu ya tepu haipendi kusubiri. Upande wa kupokea ukiwa mzito, draivu husimama, hurudisha tepu nyuma kidogo, kisha huanza tena, na ukisimama karibu na mtambo utausikia: badala ya mvumo mmoja mrefu na tulivu, unasikia mvumo mfupi, mkato, mvumo mfupi, mkato. Ukisikia hivyo, tepu inasuguliwa palepale mara kwa mara na muda wako unapotea. Dawa yake ni kuweka diski za kasi za SSD katikati, zenye nafasi ya kaseti tano au sita. Tepu ijaze huko bila kusimama, na kazi ya kufungua mafurushi, kukagua na kurekebisha faili ifanywe na seva nyingine kwa wakati wake.

Andaa diski

Terabaiti 40 za data hazitoshelezwi na terabaiti 40 za diski. Hesabu data iliyopo, ukuaji wa miaka mitano ijayo, na nafasi ya kupumulia ya asilimia 20. Kumbuka pia kwamba diski iliyoandikwa terabaiti 12 na mtengenezaji, mifumo mingine ya uendeshaji huionesha kama 10.9, kwa sababu wanahesabu kwa vipimo tofauti. Safu ya diski ipangwe kwa RAID 6, mpangilio wa kueneza data kwenye diski nyingi ambao huvumilia diski mbili kuharibika kwa pamoja. Diski kubwa huchukua saa nyingi mno kujengwa upya, na safu yenye kinga ya diski moja tu hubaki bila kinga yoyote katika saa hizo.

Hata hivyo RAID si nakala ya akiba. Faili ikifutwa kwa makosa, au virusi vya kudai fidia vikiisimba, RAID itatunza kwa uaminifu uharibifu huohuo. Tunapohama kutoka kwenye tepu tunapoteza kinga moja ambayo hatukuwahi kuifikiria: kaseti iliyoko rafuni haiunganishwi na mtandao wowote, kwa hiyo hakuna mhalifu anayeweza kuigusa akiwa mbali. Kinga hiyo lazima ijengwe upya kwa makusudi. Ziwepo nakala tatu, moja iwe katika jengo tofauti, na angalau moja iwe ya aina isiyoweza kufutwa wala kuandikwa upya kupitia mtandao, ikiwa ni pamoja na kwa akaunti ya msimamizi mkuu.

Wakati wa kusoma

Kaseti zilizotoka kwenye ghala zikae saa 24 ndani ya chumba cha mitambo kabla ya kuingizwa, ili joto na unyevu wake vilingane na vya chumba. Kabla ya kuingiza kaseti yoyote, telezesha kitufe chake cha kuzuia uandishi. Ni hatua ya sekunde mbili, na imewahi kuokoa data pale programu ya zamani ilipoichukua kaseti kuwa tupu na kutaka kuiandika upya.

Anza na kaseti tano za miaka tofauti na uzipitishe kwenye hatua zote hadi mwisho kabla ya kuendelea na nyingine. Kaseti itakayogoma isilazimishwe. Jaribu mara moja kwenye draivu ya pili. Ikishindikana, itenge, iandike kwenye daftari, na utafute nakala yake. Niliwahi kuona kaseti ambayo kipini cha mwanzo wa tepu kilikuwa kimechomoka. Fundi aliirudisha ndani ya draivu mara nne akitumaini itashika, mpaka tepu yenyewe ikajizungusha kwenye vichwa vya kusomea. Tukapoteza draivu pamoja na mita kadhaa za tepu ambazo kampuni ya uokoaji wa data ingeweza kuzinusuru.

Wakati huohuo hospitali haisimami. Picha mpya zianze kuandikwa kwenye diski tangu siku ya kwanza, ili mzigo wa tepu usiendelee kukua, na draivu moja iachwe wazi kwa maombi ya dharura. Vilevile, orodha ya wagonjwa wenye miadi ya wiki ijayo itumike kutanguliza picha zao.

Picha na mwenye picha

Kila faili ya DICOM hubeba picha pamoja na maelezo yake: jina la mgonjwa, namba yake ya hospitali, tarehe ya kuzaliwa, tarehe ya uchunguzi, na namba za utambulisho za uchunguzi, za msururu na za picha yenyewe. Maelezo hayo yaliandikwa siku picha ilipopigwa. Tangu siku hiyo mengi yamebadilika, na mabadiliko hayo yamefanywa kwenye hifadhidata peke yake, kwa sababu mfumo wa kawaida haurudi kwenye tepu kuandika upya faili.

Mchukue mwanamke aliyepigwa mamogramu mwaka 2007 kwa jina la nyumbani kwao. Mwaka 2010 akaja kwa jina la ndoa, karani wa mapokezi hakumwona kwenye orodha, akamfungulia namba mpya. Mwaka 2012 kosa likagunduliwa na namba mbili zikaunganishwa kuwa moja. Leo daktari akimtafuta anaona picha zote pamoja, kwa kuwa hifadhidata inajua kwamba wale wawili ni mtu mmoja. Faili iliyoko kwenye tepu haijui. Ukiisoma na kuiingiza moja kwa moja kwenye mfumo mpya, mfumo utaamini kilichoandikwa ndani yake, na mwanamke yule atagawanyika tena kuwa watu wawili. Ulinganisho ambao ungeonesha kwamba uvimbe umekua hautafanyika, na hakuna mtu atakayepata onyo lolote.

Kanuni ninayoifuata ni hii: kuhusu picha yenyewe, tepu ndiyo shahidi, kuhusu mwenye picha, hifadhidata ndiyo shahidi. Kila faili inaposhuka kutoka kwenye tepu, tafuta namba yake ya utambulisho kwenye hifadhidata ya sasa, kisha sahihisha jina, namba ya mgonjwa (sehemu ya faili yenye msimbo 0010,0020), tarehe ya kuzaliwa na namba ya ombi (0008,0050) kulingana na hifadhidata. Maelezo ya awali yasitupwe. DICOM ina sehemu maalumu ya kuyatunza, (0400,0561), na ukiitumia, yeyote atakayehoji baadaye ataona nini kilibadilishwa na lini. Kwa upande mwingine, namba ya utambulisho ya uchunguzi (0020,000D) na ya picha (0008,0018) zisiguswe kabisa, maana ripoti na maandishi ya madaktari huelekeza kwenye namba hizo.

Hifadhidata ndiyo ijuayo pia yaliyofutwa. Picha iliyopigwa kwa mgonjwa asiye wake, au iliyowekewa alama ya kulia ilhali ni mguu wa kushoto, huondolewa kwenye orodha lakini hubaki kwenye tepu. Usomaji wa kaseti nzima utaifufua. Kwa sababu hiyo, faili ambayo haimo kwenye hifadhidata isiingizwe kwenye mfumo mpya. Iwekwe kando, na mtaalamu wa radiolojia aamue. Muulize muuzaji vilevile kuhusu mishale, vipimo na maandishi ambayo madaktari waliyachora juu ya picha, kwani mifumo mingi ya zamani huyahifadhi kwenye hifadhidata kwa muundo wake wenyewe, na yasipohamishwa kwa makusudi hupotea.

Hesabu picha moja moja

Uhakiki usiishie kwenye jumla ya terabaiti wala jumla ya faili. Linganisha idadi ya picha kwa kila uchunguzi. Katika kazi mojawapo, uchunguzi wa siti skani wa tumbo ulikuwa na picha 412 kwenye hifadhidata, na zilizofika zilikuwa 409. Picha mbili zilikuwa kwenye kaseti iliyofuata, kwa kuwa kaseti ya kwanza ilijaa katikati ya uchunguzi. Ya tatu ilikuwa imekatika: picha ya siti skani yenye vidoti 512 kwa 512, kila kidoti baiti mbili, isiyobanwa, haiwezi kuwa na data ya picha pungufu ya baiti 524,288, na hii ilikuwa na chini ya nusu yake. Tuliipata ikiwa nzima kwenye nakala ya pili. Kama tungehesabu jumla peke yake, picha tatu kati ya mamilioni zisingeonekana.

Mfumo mpya nao utazikataa baadhi ya faili, na kila iliyokataliwa isomwe sababu yake. Tarehe za kale, kwa mfano, ziliandikwa kwa nukta, 1961.04.07, kufuatana na kanuni za ACR-NEMA zilizotangulia DICOM ya mwaka 1993. Leo zinatakiwa ziandikwe 19610407, na mfumo mkali huikataa faili nzima kwa ajili ya nukta mbili.

Chukua heshi ya SHA-256, yaani alama inayokokotolewa kutokana na yaliyomo, ya kila faili mara inaposhuka kutoka kwenye tepu. Kwa kuwa kusahihisha jina la mgonjwa hubadilisha heshi ya faili nzima, chukua heshi nyingine ya data ya picha peke yake, ambayo itabaki vilevile kabla na baada ya masahihisho, ili uweze kuthibitisha kwamba hakuna kidoti kilichoguswa. Ukiamua kubana picha ili kuokoa nafasi, tumia mbano usiopoteza kitu, kama JPEG 2000 ya aina hiyo. Kisha fungua faili iliyobanwa na ulinganishe data yake na ya awali. Mbano unaopoteza usitumike kwenye kumbukumbu hata diski zikiwa ghali kiasi gani.

Mwisho, macho. Mtaalamu wa kupiga picha afungue sampuli kutoka kila aina ya mashine na kila mwaka, aangalie kama vipande vya siti skani vinafuatana, kama mwanga wa picha uko sawa, kama upande wa kulia ni wa kulia. Kompyuta haitakuambia kwamba picha ya altrasaundi imefunguka ikiwa na rangi zilizogeuka.

Kaseti baada ya kazi

Kaseti zisiharibiwe siku kazi inapokwisha. Zitunzwe, pamoja na draivu moja nzima inayozisoma, hadi mambo matatu yawe yametimia: ripoti ya hesabu iwe imetiwa saini na idara ya radiolojia, nakala ya akiba iwe imejaribiwa kwa kurejesha picha halisi kutoka humo, na madaktari wawe wameutumia mfumo mpya kwa miezi isiyopungua sita. Muda wa kutunza picha huwekwa na sheria za nchi husika, na kwa picha za watoto mara nyingi huwa mrefu zaidi. Picha zilizopita muda huo zisifutwe kimyakimya na fundi. Uongozi uamue kwa maandishi.

Wakati wa kuharibu ukifika, kaseti zisagwe au zifutwe kwa mashine yenye sumaku kali. Sumaku hiyo hufuta hata alama za mwongozo zilizowekwa kiwandani, kwa hiyo kaseti ya LTO iliyopitishwa humo haiwezi kutumika tena. Simama hapo inapofanyika, soma msimbopau wa kila kaseti kabla haijaingia, na uukate kwenye ile orodha ya tatu uliyoiandika kwa kutembea.